Uboho wa Fahu

Raewyn, muuguzi wa wodi ya magonjwa ya damu katika hospitali ya Auckland, aliuliza swali rahisi. "Mama, binti yako Lesieli ana ndugu wangapi?"

"Wanane," alijibu Melenaite bila hata kufikiri.

Muuguzi akafurahi. Mgonjwa wa saratani ya damu anayehitaji uboho wa mtu mwingine hutafutiwa kwanza kwa ndugu zake, maana ndiko kwenye bahati, na Wazungu wengi wanaofika pale huwa na ndugu mmoja tu, naye yuko London na hawasemezani. Wanane ni utajiri. "Waje wote kesho," alisema.

Wakaja wote, pamoja na sufuria la magimbi kwa ajili ya wauguzi. Korido ikajaa, viti havikutosha, wengine wakakaa chini wakaanza kuimba tenzi. Raewyn akawa anawasugua mashavu kwa ndani kwa kijiti chenye pamba, mmoja mmoja, akiandika majina na tarehe za kuzaliwa. Alipofika kwa kijana mmoja mrefu akasita. Kijana huyo na dada aliyemtangulia kwenye foleni walikuwa wamepishana miezi mitatu.

"Mama," alisema, "hawa wote umewazaa wewe?"

"Nimewalea."

"Sikuuliza hilo."

Ikabidi wachambuliwe kama mchele. Wawili walikuwa watoto wa marehemu dada yake Melenaite. Mmoja alikuwa wa binamu yake aliyekwenda kuvuna matunda Australia akasahau kurudi. Yule mrefu alikuwa wa jirani. Alikuja siku moja kula chakula cha mchana akiwa darasa la pili, na hakuna aliyemfukuza. Wa baba mmoja mama mmoja na Lesieli walibaki wanne. Waliochambuliwa walinuna. "Kwa hiyo sisi si ndugu?" aliuliza yule mrefu kwa sauti ya kesi, na Raewyn, ambaye ni mwanamke mwema na hakutaka ugomvi, akamsugua shavu naye ili roho yake itulie.

Katika wale wanne hakuna aliyelingana. Daktari, mama wa makamo mwenye sauti ya chini, alimwita Melenaite pamoja na mwanawe wa kwanza, Semisi, akawaeleza bila kuzunguka. Ugonjwa wa Lesieli ulikuwa umelazwa na dawa, lakini mzizi wake ulikuwa ndani ya mifupa na ungeamka. Njia ya kuung'oa ni kuuangamiza uboho wake wote, kisha kumpandikizia wa mtu mwingine ambaye chembe zake zinafanana na zake. Mfanano huo mtu huurithi nusu kwa baba nusu kwa mama, ndiyo maana huanziwa kwa ndugu. Katika orodha za dunia wamo watu mamilioni waliojitolea, lakini wa visiwa vyetu ni wa kuhesabu kwa vidole. Tukikosa kabisa, alisema, tutajaribu anayelingana nusu. Ila kwa Lesieli hatari yake ni kubwa, naomba tusifike huko.

"Hakuna ndugu mwingine?" aliuliza.

Melenaite alitazama mikono yake. "Hakuna."

Semisi akageuza shingo kumtazama mama yake, akafunga mdomo. Aliufunga mpaka walipokuwa ndani ya gari, kwenye barabara kuu ya kurudi nyumbani Mangere, mvua ikiwapiga.

"Mama, umemdanganya daktari."

"Sijamdanganya."

"Na Uaisele?"

"Uaisele ni mtoto wa shangazi yako."

"Mama!"

"Tazama barabara, Semisi. Nina mgonjwa mmoja, sitaki wawili."

Hapa msomaji anaweza kumwona Melenaite mwongo, na mimi sitaki amwone hivyo. Uaisele alimfuata Semisi kuzaliwa, kule Vava'u, kisiwani kwetu, kabla familia haijahamia New Zealand. Pisila, dada yake mume wake, hakujaliwa mtoto. Kitovu cha Uaisele hakijakauka, Pisila akaja amejifunga mkeka wa heshima kiunoni, akakaa mlangoni, hakusema neno. Hakuwa na haja ya kusema. Kwetu dada ndiye mkubwa, kaka ni mdogo hata awe na mvi, na kitu ambacho dada amekitamani kwa kaka yake huwa kimeshakuwa chake. Melenaite akamfunga mtoto katika nguo safi, akampa. Maziwa yaliendelea kumlowesha blauzi siku nyingi baadaye, na mama mkwe wake akawa anamwekea majani ya kabichi kifuani kuyakausha, bila kumtazama usoni.

Mtoto aliyetolewa hahesabiwi tena na aliyemtoa. Kumhesabu ni kumdai, na kumdai ni kumtukana aliyemlea. Hivyo muuguzi alipouliza, Melenaite alihesabu kama alivyohesabu kwa miaka thelathini. Ulimi ulimruka Uaisele wenyewe, kama mguu unavyoiruka ngazi mbovu ya nyumbani.

Moyo ndio haukumruka hata siku moja. Kanisani, vijana wa rika lake waliposimama kuimba sauti ya chini, Melenaite alikuwa akihesabu vichwa, akiona pengo pale ambapo hapakuwa na pengo. Sokoni Otara alinunua fulana mara kadhaa kwa kipimo cha kubahatisha, akazigawa kwa watoto wa watu. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, husema watu. Lakini husema hivyo kwa mzazi anayeruhusiwa kulia. Yeye alikuwa amempa mtoto fahari kubwa, mtoto amelelewa vizuri, anashiba, anaimba. Mtu ataliaje kwa jambo la heshima?

Na lilikuwepo jambo la pili, lililoufanya mzigo kuwa mzito zaidi. Uaisele alipoingia mikononi mwa Pisila aligeuka kuwa fahu, yaani mtoto wa dada mtu, na mtoto wa dada ana haki ya kuingia nyumbani kwa mjomba wake akachukua anachotaka, na watoto wa mjomba wakashukuru. Semisi, aliyenyonya ziwa hilohilo, alikuwa chini yake sasa. Filimone, mumewe Melenaite, alipofariki, Uaisele alikuja kutoka Vava'u akaketishwa mahali pa juu kwenye msiba, na mikeka mizuri yote ikawekwa mbele yake. Melenaite alikaa chini kabisa na wafiwa wengine, nywele zimefumuliwa, akimtazama kwa pembe ya jicho. Kijana aligusa mikeka kidogo kwa adabu, akausogeza pembeni mmoja, ule mwororo kuliko yote.

"Huu mwachieni Mama Semisi," alisema.

Mama Semisi. Ndivyo alivyomwita siku zote. Neno la kwanza lilimfika Melenaite moyoni kabla la pili halijaja kulichukua.

"Fahu huchukua," alimwambia Semisi usiku ule wa mvua walipofika nyumbani. "Tangu lini fahu akaombwa?"

"Tangu Lesieli aanze kufa, Mama."

Jambo kama lile haliombwi kwa simu. Mtu husafiri na mkeka na nguruwe, akakaa mlangoni mwa watu mpaka waseme naye. Lakini daktari alitaja wiki, hakutaja miezi. Asubuhi Melenaite akavaa nguo nyeusi, akajifunga mkeka kiunoni kama anayekwenda kwa mfalme, akamwambia Semisi aisimamishe simu juu kabisa ya kabati. Yeye akakaa sakafuni chini yake, miguu ameikunja upande.

"Mama, hatakuona huko."

"Haitakiwi anione. Inatakiwa niwe chini."

Simu ikaita, ikapokewa. Sauti ya Pisila ikajaa sebule. "Halo? Naite? Mbona naona dari tu? Tena dari lenyewe lina ukungu. Huyo Semisi hajui kushika brashi?"

"Niko chini huku, wifi."

"Chini wapi? Umeanguka?"

"Nimekaa."

Pisila akaacha mzaha. Alikuwa na ulimi wa pilipili mwanamke yule, lakini mjinga hakuwa. Mtu hakai sakafuni mbele ya simu kwa kutaka habari za mvua.

"Sema," alisema.

Melenaite alikuwa amejiandalia maneno marefu ya kuzunguka na kuomba radhi, na alianza nayo vizuri, akawataja wazee, akataja ardhi ya ukoo. Katikati yakamkatikia. "Lesieli anakufa, wifi. Anahitaji uboho wa ndugu yake. Wanne wamepimwa, hawakulingana. Kuna mmoja hajapimwa."

Kuku walisikika upande wa pili, na mtu akipasua kuni.

"Nimlee mimi," alisema Pisila taratibu, "nimkeshee mimi surua, nimfunge mimi mkono alipoanguka kwenye mshelisheli. Sijawahi kukuomba hata nepi moja. Leo unamtaka."

"Simtaki, wifi. Nataka uboho wake tu."

Nilisema hakumdanganya daktari. Hapa alidanganya, na hakuwahi kusema uongo mkubwa kama huo maishani mwake.

"Huo uboho uko wapi?"

"Ndani ya mfupa. Wanauchota nyongani kwa sindano, amelala."

"Ndani ya mfupa," Pisila akarudia. Sauti yake ilikuwa imepoteza pilipili. "Mimi nilimjaza huku nje, Naite. Kwa viazi vikuu na samaki. Huko ndani sijawahi kufika. Sasa mkienda kuchota huko mkakuta kila kitu ni chenu, mimi nitabaki na nini?"

Melenaite alilaza kiganja juu ya zulia, akangoja.

"Atakuja," Pisila alisema mwishowe. "Nimemlea vizuri, kwa hiyo hata nikikataa atakuja. Lakini nisikilize. Anakuja kama fahu, atarudi kama fahu. Hutamwita mwanangu. Si kwa mzaha, si akiwa amelala. Siku utakayomwita nitajua, na nitamwambia apande ndege hata kama wamekwisha kumwandalia sindano."

"Sitamwita."

"Apa."

"Naapa mbele ya Mungu na mbele ya marehemu kaka yako."

"Haya. Inuka hapo chini, utapata baridi ya magoti. Na hilo dari lipakwe rangi, mnanitia aibu."

Uaisele alishuka uwanja wa ndege Auckland na kapu la viazi vikuu ambavyo watu wa forodha walimnyang'anya. Alikuwa mpana wa mabega, mpole, mwalimu wa shule ya msingi. Raewyn alimsugua shavu. Majibu yaliporudi, alimkumbatia kwa nguvu mpaka kalamu zikaanguka kutoka mfukoni mwake. Uaisele alikuwa amelingana na Lesieli katika kila alama. Kisha Raewyn akamvuta Melenaite pembeni.

"Mama, kwa nini hukuniambia una mwingine?"

"Sina mwingine. Huyu ni mtoto wa wifi yangu."

Raewyn akamtazama Uaisele kidevuni, akamtazama Melenaite kidevuni. "Sawa," alisema, akaokota kalamu zake.

Daktari naye alikuwa na la kusema, na alilisema mbele ya wote. Lesieli ataanza kupewa dawa kali, tibakemikali ya kuumaliza uboho wake wa zamani. Kuanzia hapo hakuna kurudi nyuma. Mtoaji akibadili mawazo katikati, Lesieli atakuwa hana uboho wa kale wala mpya, na mwili wake hautaweza kutengeneza damu. "Nataka uelewe uzito wake," alimwambia Uaisele. Uaisele alisema ameelewa. Melenaite, aliyesimama nyuma yake, alielewa zaidi. Neno moja kutoka kinywani mwake lingeweza kumuua binti yake.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Waliosema hivyo hawakujua watakuja kuwa sahihi namna ile. Uaisele aliwekwa kwenye chumba kizuri, akaketishwa mwisho wa meza, akala kwanza na wengine wakala baadaye. Melenaite alimpikia nyama ya chumvi iliyofungwa katika majani ya magimbi na tui zito la nazi, akasimama mlango wa jikoni kumtazama akila. Uaisele aliacha jani la nje mpaka mwisho kama Filimone. Akishiba alipiga meza kidogo kwa kidole kama Filimone, ambaye hakuwahi kuishi naye. Melenaite alirudi jikoni akafungua bomba la maji ili apate sababu ya kuwa na uso wenye maji.

Alimfulia mashati. Shati la mtu halikatazwi kushikwa. Alilishika zaidi ya kufua kunavyohitaji, na siku moja yule mwanawe mrefu wa jirani akamkuta uani amelikumbatia likiwa bado bichi.

"Mama, unalikausha kwa joto la mwili?"

"Toka hapa, mbwa wewe."

Asubuhi nyingine Uaisele aliingia jikoni akamkuta anamenya magimbi. Akavuta kiti.

"Mama Semisi, eti mimi nilikuwa mtoto wa kulialia?"

Kisu kikasimama. "Muulize mama yako."

"Nimemuuliza. Anasema yeye alinipokea nimeshanyamaza."

Nyumba ilikuwa tupu, jokofu tu ndilo lililokuwa likinguruma. Melenaite aliliona gimbi mkononi mwake likiwa nusu jeupe nusu lina ganda, na akaona hawezi kumnyima mtu kilio chake mwenyewe.

"Kwa njaa ulikuwa hulii," alisema. "Ulikuwa unalia ukishashiba. Ukiona ziwa linaondoka." Halafu hofu ikamshika, akaitupia jicho simu iliyokuwa mezani kana kwamba Pisila yumo ndani yake. "Ndivyo nilivyosikia."

"Ulisikia kwa nani?"

"Kwa watu."

"Watu wanajua mambo," alisema Uaisele. Akanyoosha mkono akachukua kisu.

"Acha! Fahu hamenyi magimbi."

"Fahu huchukua anachotaka. Nimetaka kisu." Akamenya, ganda nene, vibaya, akiacha nusu ya chakula kwenye maganda. Melenaite alimwacha aharibu magimbi yote.

Hospitalini Uaisele hakuingia chumbani kwa Lesieli. Kaka haingii anapolala dada yake, awe wa tumbo moja au wa mbali, na Lesieli alikuwa kitandani, nywele zimemtoka, midomo imepasuka kwa dawa. Kwa hiyo alikaa koridoni, na Melenaite, aliyenawa mikono na kuvaa barakoa, akawa daraja.

"Muulize dada kama anahitaji chochote."

"Anauliza kama unahitaji chochote."

"Mwambie nahitaji uboho," alisema Lesieli kwa sauti ya mikwaruzo. "Kama anao wa ziada." Alicheka, akakohoa. "Mama, hebu fikiri. Uboho wa fahu ukishaingia, mimi nitakuwa nani? Nitakuwa fahu na mimi. Mwambie Semisi aanze kuliaga gari lake."

Melenaite alipeleka ujumbe nje. Uaisele alicheka mpaka akainamisha kichwa magotini, akabaki hivyo, na Melenaite akaona shingo yake kwa nyuma, lile tuta dogo la nywele zilizosokotana upande mmoja. Alikuwa amelilamba tuta hilo kwa ulimi siku ya kwanza, kama ng'ombe, na mkunga akamcheka. Mkono wake ulinyanyuka wenyewe, akaushika kwa ule mwingine.

Siku ya uboho ilikuja na mvua. Waliimba na kusali koridoni, kisha Uaisele akachukuliwa kwa kitanda cha magurudumu. Alipunga mkono. "Mama Semisi, mwambie mama nimeingia," alisema, na mlango ukafungwa.

Melenaite alikaa na Semisi kwenye viti vya plastiki. Alimwomba Mungu mambo mawili, na aliona aibu kwa la pili, maana la kwanza ndilo la uhai. Hatimaye Raewyn alitokea na sanduku dogo la kubebea, akalifunua wapate kuona: mfuko wa kimiminika chekundu kizito, kama damu iliyotiwa tui. Ndio uboho. Mtu angetegemea kitu kikubwa zaidi.

"Huu unapanda juu kwa Lesieli sasa hivi," alisema Raewyn. "Unaingia kwa mshipa, kama anaongezewa damu tu. Mtoaji ameshatoka salama, yuko chumba cha kuamkia. Analewalewa bado na anamwita mama yake." Alisita. "Anaruhusiwa kuingia mmoja. Mama yake ni nani hapa?"

Semisi alimtazama mama yake.

"Wewe fuata mfuko," Melenaite alimwambia. "Umwimbie dada yako kutoka mlangoni."

Najua roho ya msomaji imepanda lifti na ule mfuko, kwa hiyo niseme mapema: uboho ulishika. Lesieli aliumwa sana kwanza, aliwatukana wauguzi, alitapika hata maji, lakini ulishika, na damu mpya ikaanza kuonekana. Turudi chini.

Uaisele alikuwa amelala chali, uso wake umepoteza rangi, nyonga zimefungwa bandeji nene. Macho yalikuwa yamefumba. Melenaite alisimama miguuni mwa kitanda, mahali panapomstahili mke wa mjomba.

"Mama," alisema Uaisele.

Halafu hakuna lililofuata. Melenaite alingoja jina la Semisi lije nyuma yake, halikuja.

"Mama. Mama, uko wapi?"

Hapo ndipo alipoelewa kwamba yuko huru. Mfuko ulikuwa juu, pengine umeshaanza kutiririka ndani ya Lesieli, na hakuna ndege ya kuurudisha Vava'u. Kitisho cha Pisila kilikuwa kimekwisha nguvu. Kilichobaki ni ulimi wake tu na kiapo. Wauguzi walikuwa mbali, wakiandika. Kijana mwenyewe asingekumbuka. Neno lilikuwa limefika kwenye meno. Alilisikia uzito wake, mwanangu, baada ya miaka thelathini ya kulimeza, na hakuwahi kutamani kitu, wala chakula wakati wa njaa, wala mumewe alipokuwa kaburini, kama alivyotamani kulisema mara moja kwa mtu aliyekuwa akiliita.

Lakini aliyekuwa akiitwa si yeye. Aliyekuwa akiitwa alikuwa ng'ambo ya bahari, amekaa kati ya kuku wake tangu alfajiri, akiogopa.

Akatoa simu. Ililia mara moja tu ikapokewa.

"Naite! Amekufa?"

"Hajafa, wifi. Ameamka. Anakuita." Akasogea mpaka kwenye mto, akaiweka simu sikioni kwa Uaisele.

"Uai?" sauti ya Pisila ilisema. "Uai, mama yupo. Nipo, baba. Nipo hapa." Midomo ya Uaisele ilitulia, pumzi ikaenda chini, na machozi ya Melenaite yakadondoka kwenye shuka bila sauti, maana simu ilikuwa karibu. Pisila alisema naye muda, maneno ya kitoto, habari za mbwa na paa linalovuja. Kisha akaita: "Naite."

"Abee, wifi."

"Sauti yake siipendi. Ana homa?"

"Sijui."

"Hujuije nawe uko hapo? Mguse."

Melenaite hakusogea. "Wifi, ni kichwa."

Kichwa cha fahu hakishikwi. Hakuna mke wa mjomba duniani aliyewahi kukishika.

"Najua ni kichwa, Naite. Nimekiosha mimi. Mkono wangu haufiki Auckland. Weka wako."

Akauweka. Kiganja kilitua kwenye paji la uso, vidole vikaingia kwenye nywele, vikateremka upande mpaka kwenye lile tuta lililosokotana. Lilikuwa gumu sasa, nywele za mtu mzima. Uaisele aligeuza uso kidogo kuelekea mkono, kama anavyogeuka mtoto yeyote aliyelala.

"Haya?" aliuliza Pisila. "Ana homa?"

Paji lilikuwa poa kabisa, na Melenaite alilijua hilo tangu kiganja kilipogusa.

"Bado sijajua, wifi," alisema.

Upande wa pili Pisila akashusha pumzi ndefu.

"Basi usiutoe mkono," alisema. "Angalia taratibu."